Upatu wa Zamu

Miaka ile simu yangu haikukaa mbali na mkono wangu. Nikienda kuoga naitia kwenye mfuko wa mkate na kuitundika penye taulo, sauti juu kabisa. Nikipika, iko kando ya ubao wa kukatia vitunguu. Kanisani niliibana ndani ya Biblia, na mchungaji akifika kwenye ile sala yake ndefu nilikuwa nafumbua jicho moja. Mume wangu aliwaambia wageni kwamba yeye ameachwa bila talaka, mkewe kaolewa na simu. Wageni walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu hata wakati huo nilikuwa naitazama.

Nilichokuwa nangoja ni meseji ya wakala. Kazi yangu ni kuhudumia wazee: nawaogesha, nawavisha, nawalisha, nawasikiliza. Lakini nyumba ya wazee haikuwa imeniajiri. Aliyeniajiri ni wakala, na wakala hana siku wala saa za kukuahidi. Mfanyakazi wa kudumu wa nyumba ile akiugua, au mtoto wake akiugua, wakala anatuma meseji kwa watu wote waliozoea pale: zamu ipo, kuanzia saa hii mpaka saa hii. Chini ya meseji pana vitufe viwili, Ndiyo cha kijani na Hapana cha kijivu. Wa kwanza kubonyeza Ndiyo ndiye anayefanya kazi. Waliobaki wanaambiwa kwamba zamu imeshachukuliwa, na wanarudi kuosha vyombo.

Morogoro nilikuwa karani wa idara ya maji. Mshahara ulikuwa wa kuchekesha, lakini mwisho wa mwezi ulikuwa mwisho wa mwezi, na mwenye duka la jirani alikuwa anaujua kama mimi. Sydney nilijifunza kwamba mtu anaweza kulipwa vizuri kwa saa na bado akawa maskini, kwa sababu hajui kesho atapewa saa ngapi, au kama atapewa. Juma moja tulinunua nyama ya mbuzi kwa bucha Mwafghani hapo Merrylands na kupiga naye soga mpaka foleni ikanung'unika. Juma lililofuata tulipita ng'ambo ya barabara ili asituite. Ndugu zetu wa nyumbani walipopiga simu waliuliza nalipwa kiasi gani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nalipwa lini.

Mume wangu alikuwa dereva wa foklifti kwenye ghala moja la Villawood mpaka mgongo ulipogoma. Ghala halikumfukuza. Liliacha tu kumwita, kidogo kidogo, mpaka siku moja tukatambua kwamba hajaitwa muda mrefu. Akabaki nyumbani, akawa anapika maharage kunishinda, na kizibao chake cha kazi, kile cha rangi ya chungwa kinachong'aa, kikabaki kwenye ndoano mlangoni. Kila nikitoka kilinigusa bega. Nilikasirika kila mara, sijui nilimkasirikia nani, na sikukitoa.

Siku moja nilikuwa namsuka binti yetu. Simu ikalia. Nikaruka na kuliacha chanuo limesimama katikati ya kichwa chake. Binti huyu Kiswahili anakisikia chote, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza, na hakuinua hata uso kutoka kwenye kitabu chake.

"It's gone, Mum," alisema.

Nilimuuliza amejuaje kwamba zamu imeshachukuliwa na simu ninayo mimi. Akasema amejua kwa jinsi nilivyopumua.

Kundi la wakala kwa nyumba ile halikuwa kubwa. Wengi walikuwa wanafunzi waliotaka Jumamosi na Jumapili tu. Siku za kazi tulikuwa tunanyang'anyana wanawake watatu, na ajabu ni kwamba tulikuwa tunasali pamoja. Wa pili alikuwa Mkenya, msichana wa Nakuru aliyekuwa anasomea uuguzi huku akiwasomesha wadogo zake kwao. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vyetu sote. Nilimwona mara moja akibonyeza Ndiyo huku anabishana na keshia wa supamaketi, na hakukosea lolote kati ya hayo mawili.

Wa tatu alikuwa mama wa Kirundi, mtu mzima kuliko sisi, mjane, mwenye watoto wawili wa sekondari. Alikulia na kuzalia kwenye kambi ya wakimbizi kule Kigoma kabla ya kuletwa Australia. Sote tulimwita Mama, hata wazee wa nyumba ile walioweza kuwa wazazi wake walijifunza kumwita hivyo. Kulikuwa na mzee mmoja mkali aliyewarushia wahudumu vijiko, lakini kwake alifungua kinywa kama kinda. Mama huyu alikuwa na shida moja. Kiingereza cha kuongea alikuwa nacho cha kumtosha, ila cha kusoma kilimtoa jasho. Meseji ikija, sisi tulishabonyeza naye bado yuko kwenye neno la pili.

Tulikuwa tunajua. Tunajua na tunabonyeza. Jumapili tunakumbatiana mlangoni kwa kanisa, habari za watoto, nzuri, tunamshukuru Mungu, na hakuna anayesema kwamba Jumanne nilikuwahi mimi na Alhamisi ukaniwahi wewe.

Kisha ikawa siku ambayo mimi na Mkenya tulikwenda kwake Doonside bila kumwambia, kama watu wanavyotembeleana. Kwa majirani zake Wazungu kugonga mlango wa mtu bila taarifa ni kumvunjia heshima. Kwetu, kumpigia kwanza ndiko kunakomfanya ajiulize amekukosea nini. Alitupokea kwa furaha, akatusongea ugali na mboga ya mchicha aliyoipanda mwenyewe nyuma ya nyumba. Tulikula. Yeye alisema ameshakula. Watoto wakasema wameshakula. Niliamka kwenda kutafuta maji baridi na nikafungua friji kabla hajanizuia.

Ndani hamkuwa na baridi wala taa. Kulikuwa na sare za shule, zimekunjwa vizuri, na madaftari.

"Friji inakula umeme wa bure," alisema nyuma yangu. "Chakula hakikuwako ya kuweka mule. Sasa nikasema itunze manguo."

Hakusema kwa aibu. Mwenye aibu nilikuwa mimi, na aibu yangu hutoka kama hasira. Nilirudi mezani nikasukuma sahani, nikamwambia Mkenya kwamba huu ni upuuzi, watu watatu wa Mungu tunakimbizana kama kuku waliomwagiwa punje. Mkenya akasema, "Sasa unanikasirikia mimi?" Nikamwambia ndiyo, nakukasirikia wewe na vidole vyako, na nimejikasirikia mimi pia.

Wazo lilikuja pale pale. Sote tulikuwa tumecheza upatu maisha yetu yote. Mkenya aliuita chama, Mama alikuwa na jina lake la Kirundi, lakini jambo ni lile lile: kila mmoja anatoa, anapokea mmoja, juma linalofuata mwingine. Nikauliza kwa nini tusicheze upatu wa zamu. Juma hili zamu zote zinazotangazwa siku za kazi ni za Mama. Juma lijalo za Mkenya. Halafu zangu. Ambaye si juma lake hagusi simu, hata kama nyumbani kwake wanakula chumvi.

Mkenya aliiweka simu yake mezani. "Na sisi ambao si wiki yetu tufanye aje? Tubonyeze Hapana?"

Mama alishtuka kweli. Aliweka mkono juu ya simu ya Mkenya kana kwamba tayari alikuwa anabonyeza.

"Hapana kufanya hivyo," alisema. "Kazi hawaiambii hapana. Kule kambini walikuwa wanapita kuita watu wa kazi. Kuchimba vyoo, kushusha magunia. Ukisema hapana, basi, hawakuite tena. Ukiwa mgonjwa unanyamaza tu. Unanyamaza, mwingine anakwenda, na kesho bado uko mutu wao."

Nilimwelewa. Morogoro nako hakuna anayekataa jambo usoni. Ukialikwa harusi usiyotaka kwenda unasema nitajitahidi, unasema tuone, halafu huendi, na hakuna anayekasirika. Kubonyeza kile kitufe cha kijivu ilikuwa sawa na kumwambia Mungu apite mlango unaofuata. Mkenya alitucheka, akasema Wakenya hawaogopi neno, lakini tulipombana alikiri kwamba hata yeye kidole chake hakijawahi kugusa kijivu. Basi tukakubaliana: anayempisha mwenzake ananyamaza.

Juma la kwanza lilikuwa la Mama, na ndilo lililonitesa kuliko yote. Simu inalia, najua ni zamu, najua iko mahali pazuri na saa nzuri, na mikono yangu haina ruhusa. Nilisugua jiko ambalo halikuwa chafu. Nilitembea mpaka stesheni ya Merrylands na kurudi bila safari. Nilipiga pasi sare yangu ya kazi, nikaitundika, nikaishusha nikaipiga pasi tena. Mume wangu aliichukua simu akaificha ndani ya kopo la unga, nami nilikaa mezani nikiusikiliza unga ukitetemeka.

"Kaa chini, mke wangu," alisema. "Unachosha kutazama."

"Nimekaa."

"Umekaa miguu imesimama."

Doonside mambo yalikuwa mengine. Mama aliniambia baadaye kwamba alikuwa anaisoma meseji kwa raha zake, neno kwa neno kama mtu anayechambua mchele, na ikifika mwisho bado iko pale inamngoja. Hakuna aliyeichukua. Alifanya kazi kila siku juma lile. Juma la Mkenya likapita, langu likaja, na katika juma langu nililala usingizi niliokuwa nimeusahau, kwa sababu zamu zote zilikuwa zangu na hakuna wa kunikimbiza. Nilianza hata kuwa mtu mwema. Nilimsuka binti yangu kichwa kizima bila kuinuka.

Tuliendelea hivyo miezi kadhaa. Sare za shule zilitoka kwenye friji. Nilijiona nina akili sana, nawaambia ukweli, nilitembea kanisani shingo imenyooka.

Katika miezi hiyo ndipo Mama alipotuambia kilichokuwa kinamkosesha raha. Mkataba wa nyumba yake ulikuwa unakaribia kwisha. Dalali alikuwa amempandishia kodi, na kabla ya kumpa mkataba mpya alitaka aonyeshe kwamba ana kazi ya kudumu. Kazi ya wakala haikumridhisha. Nyumba za kupanga zilikuwa zinagombaniwa, foleni ya wapangaji inazunguka kona, na dalali alikuwa na uwezo wa kuchagua. Lakini Mama alikuwa na tumaini. Muuguzi mkuu wa nyumba ya wazee alikuwa amemvuta pembeni akamwambia kwamba nafasi ya kudumu inafunguka, siku nne kila juma, na kwamba atamwomba kwa wakala yeye na si mwingine.

"Nikipata hiyo, dalali atanyamaza," alisema. "Watoto watamaliza shule yao pale pale."

Tuliomba pamoja kwa ajili ya nafasi ile. Niliomba macho yote yamefungwa.

Halafu simu ilianza kunyamaza. Mwanzoni sikutambua, kwa sababu halikuwa juma langu. Juma langu lilipofika, meseji zilikuja mbili tu, na moja ilikuwa imeshachukuliwa kabla sijaifungua. Nikasema labda hakuna wagonjwa, wafanyakazi wa kudumu wamepata afya. Juma langu lililofuata ilikuwa hivyo hivyo. Nani anachukua? Mama hawezi, nilijua. Basi nikabaki na mtu mmoja, na kila nilipomfikiria niliviona vidole vyake.

Nilimkabili jikoni kwa kanisa tulipokuwa tunaosha vikombe. Sikumzungusha. Nilimwambia, dada, unakula juma la wenzako.

Alikausha mikono kwanza. "Mimi? Aki wewe. Mimi nimesota wiki tatu nikidhani ni wewe. Nilikuwa nakuonea huruma nikisema, huyu ana bwana mgonjwa, wacha aibe."

"Mimi niibe?"

"Na mimi je, niibe?"

Tulisimama pale na vikombe vya watu, na kwa bahati mbaya nilimwamini. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa ameiba. Jumatatu yake sikungoja kupigiwa wala kuandikiwa. Nilipanda treni hadi Parramatta, ofisi ya wakala.

Aliyetupangia zamu alikuwa binti mdogo, mpole, mwenye kucha za zambarau. Nilikuwa nimejiandaa kugombana na mtu mkubwa, upole wake ukanivuruga. Nilimuuliza kwa nini hatupati kazi, tumekosa nini.

"Hamjakosa chochote," alisema. "Ila hamjibu. Mfumo ukiona mtu hajibu, unamhesabu kwamba hayupo. Unamshusha. Wanaojibu kila mara, hata wapya tuliowaongeza, wanatumiwa kwanza, ninyi mnatumiwa kinachobaki."

"Na anayebonyeza Hapana?"

"Huyo amejibu. Hana tatizo."

Nilimwomba arudie. Akarudia kwa utaratibu, akidhani Kiingereza ndicho kinachonishinda. Nilimweleza basi. Nilimweleza upatu, juma la huyu na juma la yule, nikamweleza kwamba kunyamaza kwetu kulikuwa ndiyo kwa mwenzetu. Alisikiliza kidevu mkononi. Nafikiri alinielewa, na hilo halikunisaidia. Alisema ni jambo zuri sana, kwamba hajawahi kusikia watu wakifanya hivyo. Kisha akasema mfumo hauna mahali pa kuandika kitu kama hicho.

Nikamuuliza habari za Mama. Uso wake ulibadilika kidogo. Alisema nyumba ya wazee kweli ilimwomba Mama kwa ile nafasi ya siku nne. Iliwauliza wakala kama ni mtu wa kutegemewa. Wao wakatazama, wakaona majuma kwa majuma mtu anatumiwa meseji na hajibu, wakasema hawawezi kumpendekeza. Nafasi ilikuwa imeshapewa mwingine.

"Lakini juma lake alikuwa anajibu zote," nilisema.

"Juma moja katika matatu," alisema. Aliinamia kucha zake. "Pole. Kweli pole."

Niliinuka kwa nguvu kiti kikagonga ukuta. Nilitaka kumtukana na sikupata tusi linalomhusu. Niliomba kumwona mkubwa wake, mkubwa hakuwepo. Nilikuja tena siku iliyofuata, mkubwa akawepo, akaniambia maneno yale yale akiwa amesimama, ufunguo wa gari mkononi. Tangu siku ile sijapata kukalia kiti cha ofisi yoyote bila kutamani kukigongesha ukuta.

Nilikwenda Doonside nikamwambia Mama uso kwa uso. Mkenya alikuja pia. Mama alikuwa anamenya viazi na hakuacha kumenya. Nilipofika kwenye habari ya vitufe alituliza kisu.

"Walitaka niseme hapana?"

"Ndiyo, Mama."

"Ningesema hapana, wangenipa kazi?"

"Ndiyo."

Nilitamani alie au anigombeze, wazo lilikuwa langu. Mkenya ndiye aliyelia. Mama alimpa kitambaa cha vyombo cha kujifutia, akaendelea na viazi, akasema kwamba kumbe hapa kunyamaza ni kosa. Hakurudia tena habari ile.

Upatu wetu ulikufa siku hiyo bila mtu kuutangazia kifo. Binti wa kucha za zambarau alikuwa ameniambia njia ya kupanda tena juu ni moja, kujibu kila meseji, upesi, bila kuacha hata moja. Hapana nayo ilihesabika jibu, lakini zamu tulizoletewa sasa zilikuwa chache mno kwa mtu kumpisha mwenzake. Basi tukarudi kujibu. Simu ikarudi kwenye mfuko wa mkate. Kidogo kidogo mimi na Mkenya tulipanda. Mama alipanda polepole kuliko sisi, kwa sababu alikuwa anasoma polepole kuliko sisi, na dalali hakuwa na polepole. Mkenya alimtafutia nyumba nyingine, mimi nilimtafutia, mchungaji aliandika barua za kumsifu. Kila dalali aliuliza swali lile lile, kazi ya kudumu iko wapi. Mwishowe ndugu yake mmoja aliyekuwa kwenye mji mdogo wa ndani huko, mwendo wa siku nzima kwa gari, akampigia kwamba kiwanda cha nyama kinatafuta watu na nyumba zipo. Watoto walikataa kuongea na mtu yeyote kwa siku kadhaa. Wakaanza kufunga mabegi.

Tulikwenda kumhamisha Jumamosi asubuhi. Kanisa lilikuwa limepata lori dogo la kuazima. Mume wangu alikaa kwenye usukani, ndiyo kazi pekee ambayo mgongo wake ulimruhusu, na alikuwa amevaa kile kizibao chake cha chungwa kwa sababu alisema kuhamisha watu ni kazi kama kazi nyingine. Nilimwacha avae. Vyombo vilipanda, viti vikapanda. Mama alikuwa anazunguka nyumba tupu akifagia, ili dalali asiseme lolote. Nilimwambia amwache dalali afagie mwenyewe. Akasema yeye haachi uchafu wake kwa mtu.

Lilibaki godoro lake, kubwa na zito. Mimi nilishika upande mmoja, Mkenya upande mwingine, Mama akatangulia kutufungulia mlango. Tulikuwa kizingitini, nusu ndani nusu nje, simu zikalia. Zote tatu kwa pamoja, ya Mama kwenye mfuko wa aproni, ya Mkenya mfukoni mwa suruali, yangu kiunoni.

Sikumbuki kuamua. Nakumbuka kwamba godoro lilikuwa chini na mkono wangu ulikuwa na simu. Mkenya naye alikuwa ameachia. Tulikuwa tumetazamana uso kwa uso juu ya godoro la Mama, vidole vinakimbia, na hakuna aliyesema tafadhali. Nikabonyeza. Nikaona jina langu likikubaliwa: nyumba ile ile ya wazee, zamu ya mchana, nianze haraka iwezekanavyo. Niliinua macho, nikauona uso wa Mkenya unasoma yale maandishi madogo, nikajua kwamba hivyo ndivyo uso wangu ulivyokuwa ukiwatisha watu nyumbani.

Mama hakutoa simu yake. Alitutazama, mimi kwanza, kisha Mkenya, hana hasira.

"Nani kapata?" aliuliza.

"Mimi, Mama."

"Basi nenda. Usikawie, watakuandika umechelewa." Akainama akashika upande wa godoro nilioachia mimi. "Afadhali nyinyi bado wanawaita."

Nilimkumbatia akiwa ameinama, godoro liko kati yetu. Nilisema nitampigia, nitakuja likizo, nilisema mengi. Kisha nilikimbia kwenda stesheni na sikugeuka nyuma, treni ilikuwa inaingia. Nilipata kiti cha dirishani. Moyo ulikuwa unanidunda, mikono imejaa vumbi la nyumba yake, na nilikuwa na furaha. Nilikuwa nimepata zamu. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama kuna kitu kingine nilichohisi asubuhi ile kabla ya furaha hiyo, na sikioni.